Shingo ya Mama Chelimo na Chumvi ya Mama Mkwe

Wacha niseme wazi. Mwaka wa 1996, ukikonda hapa Litein, watu walikuwa wanakuzika kwa mdomo ungali unatembea. Na Chepchirchir, mama ya Chelimo, alikonda.

Ilianza na matubwitubwi. Watoto waliyatoa shule, naye yakamshika, mashavu yakafura, akapona. Miezi kidogo baadaye moyo ukaanza kwenda mbio hata akiwa amekaa. Mikono ikatetemeka mpaka akawa anachuna majani mazee pamoja na machanga. Kwa kituo cha kupima majani ya chai, karani Mokaya akamwaga kikapu chake chini.

"Mama Chelimo, hii ni chai ama chakula ya ng'ombe?"

Watu wakacheka. Halafu wakaona macho yake vile yametoka nje, wakanyamaza. Huko kunyamaza ndiko kulimmaliza.

Mama mkwe, Rebeccah, aliona shingo imefura akajua dawa. Si tuliambiwa sote kwa kliniki shingo ikifura ni chumvi yenye iodini imepungua mwilini? Akaijaza kwa mboga, kwa uji, hata kwa chai. Chepchirchir akazidi kutetemeka. Basi Rebeccah akamwambia kijana wake Weldon, na hakupunguza sauti: "Chumvi imeshindwa. Hiyo ni ule ugonjwa. Apimwe. Akiwa nayo, arudi kwao Silibwet. Watoto wanabaki."

Siku ya majibu, hospitalini, Weldon alikaa mwisho wa benchi, bibi yake mwisho ule mwingine. Wakaitwa ndani.

"Ukimwi hakuna," daktari akasema. Weldon akafunika uso. "Mama, mwili wako ulipigana na matubwitubwi, sasa umekataa kuacha vita. Huo mwili unachokoza tezi ya shingo, nayo inafanya kazi kupita kiasi. Dawa iko. Lakini shingo mmekuwa mkiitibu na nini?"

"Chumvi," Weldon akajibu.

"Nyingi?"

"Nyingi sana, daktari."

"Iodini ya chumvi ndiyo chakula ya hiyo tezi. Mmekuwa mkimwagia moto petroli."

Huko nje Weldon akambebea bibi yake mfuko. "Haya, twende nyumbani."

Chepchirchir hakusonga. "Wapi? Silibwet?"

"Kwako. Kwa watoto."

"Basi wewe ndio utaambia mama yako hayo majibu. Na useme kwa sauti kama ile yake, majirani wasikie. Halafu kesho uchukue kikapu. Mpaka hii mikono itulie, wewe ndio utachuna."