Mluzi Ambao Sikuusikia

Siku yangu ya kwanza kazini kama fundi wa sauti, katika hoteli moja ya Eldoret iliyokuwa na bendi yake, Fundi Mkuu alinikuta nikitikisa kichwa kwa wimbo. Akazima miksa, ile meza ya vitufe vya kupandisha na kushusha sauti. Bendi ikanyamaza. Akaniambia mbele ya wote, "Kijana, hukuja hapa kufurahi. Wimbo ni wa wageni. Wewe sikiliza makosa."

Basi nikasikiliza makosa kwa miaka thelathini na minne. Kubwa lao lilikuwa mluzi: maiki ikielekezwa kwa spika inameza sauti yake yenyewe na kuitema tena, mpaka ukumbi mzima unajaa kelele ya kutoboa masikio. Fundi mzuri anaukamata kabla haujalia. Kutoka hotelini nilipelekwa chuoni Chepkoilel kwenye mahafali, kisha mikutano ya injili chini ya Meneja wa Mitambo, mtu wa maneno machache aliyetusimamisha kando ya spika "ili msikie vizuri." Tulisikia, kweli. Sikio la kushoto lilifia huko, na la kulia linajikokota tu. Sikumwambia mtu. Fundi wa sauti ambaye hasikii, nani atamwita kazini?

Kazi hiyo niliibeba hadi nyumbani, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Binti yangu Jerop alikuwa na miaka kumi na miwili aliponiimbia wimbo alioutunga mwenyewe. Alipomaliza nikamwambia, "Unaanza juu sana, na pumzi inakatika mwishoni." Ilikuwa kweli. Hakuniimbia tena, hata alipoanza kuimba mbele za watu.

Sasa Jerop ni mwalimu huko Kiplombe, mama wa watoto wawili. Mwezi jana alikuja kwangu Kapseret, akanikuta nikikamua ng'ombe.

"Baba, Jumapili mchana naimba na bendi mjini. Njoo. Lakini uje kama baba, usije kama fundi. Utaweza?"

"Nitajaribu," nikasema.

Jumapili hiyo walinikalisha mbele, karibu na jukwaa. Ngoma nilizisikia, gitaa la besi nililisikia, lakini sauti ya mwanangu ilinifikia kama ya mtu anayeongea nyumba ya pili. Niliona midomo tu. Wimbo ukiwa katikati, watu wakaziba masikio, na mama aliyekaa kando yangu akakunja uso. Mimi sikuwa nimesikia kitu. Ulikuwa mluzi. Nimeukimbiza maisha yangu yote, na siku hiyo ulinipita kama sipo.

Miguu ikasimama yenyewe. Nikajikuta kwenye miksa, mkono umenyoshwa. Dada aliyekuwa akiiendesha alikuwa ameshamaliza. "Iko sawa, Mzee," akasema kwa heshima. Nilipogeuka, Jerop alikuwa ameacha kuimba, ananiangalia. Nikarudi kuketi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini.

Watu walipotawanyika alinijia, lakini hakuketi.

"Haya, Baba. Makosa yalikuwa mangapi?"

"Sijui," nikamwambia. "Sikuyasikia, mwanangu. Hata wewe sikukusikia. Niliona watu wameziba masikio, ndiyo maana nikainuka. Masikio yangu yalienda siku nyingi."

"Na mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Nilikuwa fundi."

Akavuta kiti upande wangu wa kulia, akaweka mdomo karibu na sikio, akaanza wimbo upya bila maiki, huku vijana wa bendi wakikunja nyaya nyuma yetu. Ndipo nikautambua. Ulikuwa ule wa utotoni. Bado alianza juu sana, na pumzi ikakatika palepale ilipokuwa ikikatika zamani.

Nikafumba macho, nikamwomba arudie.