Nyimbo za Kumlilia Mama Aliye Hai

Mangapul Sitohang wa Balige, mji wetu wa kando ya ziwa, alimzika mama yake kwa gitaa mara nyingi, na mama mwenyewe yuko sokoni anauza samaki. Kila wimbo aliotunga ulimlilia marehemu mama. Ukipigwa kwenye vilabu vya tembo kandokando ya ziwa, wanaume wazima na masharubu yao wanafuta machozi. Siku moja mteja kutoka Medan, aliposikia kwamba muuza samaki ni wa nyumbani kwa Mangapul, alimpa pole ya msiba. Mama huyo, ambaye sote tunamwita Ompu Riris, yaani bibi yake Riris, kwa jina la mjukuu, akaipokea pole ya kifo chake mwenyewe, akamwongezea na samaki.

Jirani zake tulijua kilichomtafuna Mangapul. Kwetu mzee akifa huku watoto wote wameshaoa na kuolewa, na wajukuu wapo, hatumlilii sana: anapigiwa ngoma, watu wanacheza. Akibaki hata mtoto mmoja bila ndoa, heshima hiyo haipati. Dada zake wote waliolewa. Yeye, kitindamimba, alimpenda mwanamke mmoja tu maishani, naye alikuwa wa ukoo wake, mwiko kabisa. Akapita hamsini akiwa mseja, mkaidi jamani, na ukaidi wake wote akaumiminia kwenye nyimbo.

Mwaka mmoja Ompu Riris aliugua kifua. Alipopata nafuu kidogo alimwita mwanawe jikoni, akamtaka amtungie wimbo wa kucheza. Mangapul akajaribu. Kila akianza, vidole vinamrudisha kwenye kilio.

"Wewe baba, unanililia mimi au unajililia?" mama akamuuliza.

Mangapul akainama juu ya gitaa. "Nakuomba radhi, Mama. Kwa sababu yangu hutapigiwa ngoma."

"Nani kakwambia nangoja kufa ndiyo nicheze? Nikishakufa magoti haya yatanyanyuka?"

Akajitanda shuka lake la heshima mabegani, akasimama kati ya mafiga na ndoo ya samaki, viganja juu, akingoja. Mangapul hakuwa na pa kukimbilia. Akapiga kwanza vibaya, kisha vizuri, na mama akacheza polepole, nyayo zikisugua sakafu. Machozi yalimtoka Mangapul, lakini wimbo haukulia.

Alimsikia mama anahema, akataka kusimamisha wimbo ampumzishe.

"Usikate," mama akasema. "Nikichoka nitakwambia."