Msumeno wa Watu Wawili

Katika makumbusho ya wakata miti, mwendo mfupi kutoka Durban, mpasua mbao huufuta msumeno kwa kitambaa cha mafuta ya taa kila mgeni anapouachia, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto pua. Viganja vyake vimekakamaa kama gome. Husimama juu ya gogo, mgeni akiwa shimoni chini yake, na maneno yake ni yaleyale: "Vuta, usisukume!" Wageni husukuma. Msumeno unapinda, naye anasonya, anacheka, anaita mwingine.

Tangu wanatoka nyumbani, mtaa wa Sydenham mjini Durban, Atupele alikuwa akiwaambia wanawe kwamba usichanani, kule kwao Mufindi, Tanzania, alipasua mbao na baba yake. Walimcheka njia nzima. "Mama wa saluni wewe!" alisema mwanawe Gadiel. Sasa akavua viatu, akajifunga khanga kichwani, akashuka shimoni.

"Eish, mama, unga wa mbao utakujaa machoni," alisema mzee mpasua mbao kutoka juu ya gogo.

"Wewe fuata mstari wako, baba."

Msumeno ukaanza kuimba. Mpasua mbao alifungua kinywa kusema yale maneno yake, akakifunga. Akainamisha kichwa, akasikiliza, kisha akaongeza kasi kwa makusudi. Atupele akaenda naye, unga ukimmiminikia mabegani, mpaka ubao ukaachana na gogo.

Mzee akageukia umati, jasho likimtoka, meno yote nje. "Mama huyu ni wa nani?"

"Wangu!" Gadiel alipiga kelele, akimsukuma dada yake apite mbele. "Wangu mimi!"