Makala ya Kaka Mbele ya Wakwe

Mnisamehe makosa ya herufi na mwandiko mbaya. Niliishia shule ya msingi na naandika polepole.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikwenda Remera, nyumbani kwa wakwe, kumposea kaka yangu, mtafiti wa fizikia anayechunguza chembe ndogo kuliko vumbi. Desturi yetu ni msemaji wetu kumsifu kijana, na msemaji wa wakwe kumkejeli.

"Makala yake moja inatajwa na wataalamu dunia nzima," alisema msemaji wetu.

"Hata fahali wangu anatajwa mtaa mzima, kwa kuvunja nyua! Huyu anatajwa kwa lipi?" alidakia msemaji wa wakwe.

Watu wakacheka. Mwenye kuposa hutakiwa kunyamaza, lakini kaka alisimama.

"Wananitaja kwa sababu nilikosea, baba. Kila anayepima upya huanza na kosa langu."

Nilijua mchumba tumemkosa.

Baba wa binti alimgeukia msemaji wetu.

"Asiyenidanganya mimi leo hatamdanganya mwanangu. Leteni ng'ombe."

Mpaka leo nashangaa kwamba mtu anaweza kusifika kwa kosa. Mnaojua mambo hayo, niandikieni. Nitajibu, hata nikichelewa.