Mpini Mbichi

Mimi sina subira, na kazi ya kuchonga mipini haimtaki mtu wa namna yangu. Tukipogolea mipera yetu pale Mwandiga, matawi yaliyonyooka siyapeleki jikoni kuwa kuni. Nayamenya gamba, nayachonga kwa panga, halafu nayapandisha kwenye kichanja juu ya mafiga yakae kwenye moshi miezi miwili, mitatu. Ndipo natoboa kichwa cha mpini kwa mkia wa jembe, ile ncha yake nyembamba, ulioiva motoni.

Mwaka ule mvua iliwahi. Dada yangu mkubwa alikuja asubuhi, mtoto mgongoni, jembe lake halina mpini. Uliokuwepo kichanjani ulikuwa na wiki moja tu. Nikautoboa hivyo hivyo. Jembe likacheza kidogo, nami nikafanya tunachofanya sote: nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji mpaka mti ukavimba na kubana.

"Umekauka huu?" aliniuliza.

"Umekauka, dada."

Jua likayanyonya yale maji. Kwenye saa sita, aliponyanyua jembe juu, chuma kilichomoka, kikapita jirani na kisogo cha mtoto na kuchana kitenge alichombebea. Mtoto hakuguswa.

Dada hakunilaumu. Alimkumbuka bibi wa shamba la pili, aliyehamia kwetu zamani kutoka Burundi na anayeishi peke yake. Asubuhi ile walikutana njiani, bibi akamshika mtoto kidole, akasema kwa lugha ya kwao, "Uyu mwana ni mwiza," yaani mtoto huyu ni mzuri. Kwa dada, hapo ndipo jembe liliporogwa likalegea.

Ningeweza kusema ukweli siku ile ile. Niliona aibu, mtu mzima ambaye mipini yangu inafuatwa kutoka Katubuka, nikanyamaza na kujidanganya kwamba yatapoa. Maneno ya dada yakaenea, na wiki iliyofuata wanawake walianza kuondoa ndoo zao bombani bibi akifika. Kisha mtu akaikata migomba yake yote, hata ile isiyozaa. Nilipopita pale aliniamkia kama kawaida, na mimi nilishindwa kumtazama usoni.

Jumamosi nikasikia vijana wanamtaka ahame kabla jua halijazama, asipohama watamhamisha wenyewe. Hofu ikanishika kwelikweli. Nikauchukua ule mpini niliorudishiwa siku ile, mbio hadi kwa dada. Vijana walikuwa tayari wamekaa uani kwake.

Nilimwita dada ndani, nikamwonyesha kichwa cha mpini kilivyopasuka baada ya kukauka. "Ulikuwa mbichi. Nilikudanganya, na jembe nililowesha mimi. Yule bibi hana kosa."

Aliutazama mpini, kisha akanitazama mimi kwa huruma sana, machozi yakamlengalenga.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "kumbe na wewe ameshakuingia."

Akafungua mlango, akawaita vijana waje wasikie.