Mtoto Niliyempakata Mbele ya Simu

Admin, nifiche vizuri, maana mama ana watu wake humu kwenye kundi.

Mimi ni Mkenya, nina miaka arobaini na nne, nakaa Ilford, London, na kazi yangu ni kutunza wazee kule Stratford. Sina mume, sina mtoto, na kwetu nilizaliwa peke yangu. Kila nikitaka kutulia kulikuwa na zamu, kozi, viza. Sasa daktari ameniambia habari ya mtoto nisahau. Kazini nalisha wazee ambao hakuna anayewatembelea, na nikivua glavu najiona mimi kwenye kile kiti.

Nyumbani mama ana sukari. Miezi mitano iliyopita aligoma dawa. Akaniambia, "Nimeze niishi kwa ajili ya nani? Hata wa kuitwa jina langu hujaniletea." Kwetu mzee hubaki duniani kwa mjukuu aliyebeba jina lake.

Jumapili iliyofuata akapiga simu ya video wakati nimempakata binti mchanga wa mpangaji mwenzangu ninayeishi naye nyumba moja. Akauliza, "Huyo ni nani?" Neno likaniponyoka. "Ni wajina wako, mama. Nilikuficha mpaka azaliwe salama." Mama alilia, kisha akamwambia msichana anayemtunza amletee dawa zake.

Tangu siku hiyo anameza bila kusukumwa. Amefuma sweta tatu. Kila Jumapili anamwimbia mtoto, na mimi nimekaa pale nimempakata mtoto wa wenyewe, natabasamu kama mjinga. Najichukia, sitawaficha.

Juzi mwenye mtoto akaniambia, "Dada, nakuonea huruma, lakini mwanangu si wa kuazimwa. Na Jumamosi tunahamia Croydon." Jioni hiyo hiyo mama akapiga. "Mlete Desemba nimshike. Kanisa zima wanamngoja. Na wewe usiogope uzee tena, umepata wa kukushika mkono." Hapo ndipo aliponimaliza.

Nikisema ukweli atatupa dawa, namjua mama yangu. Nikinyamaza, Desemba hiyo inakuja. Hana mtoto mwingine ila mimi, na naona hata wa kumuua nitakuwa mimi.

Nishaurini jamani, lakini msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Jumapili saa nane mchana atapiga, na sitakuwa na mtu wa kupakata. Nimwambie nini?