Chai Kwenye Kibodi ya Mama

Sisi tuliokulia Lodwar miaka ya tisini tuliijua kompyuta kwa macho muda mrefu kabla ya kuigusa. Shuleni kwetu ilikuwa moja tu, ofisini kwa mama yangu aliyekuwa karani, imefunikwa kitambaa cha maua kama bibi harusi. Jioni, baada ya kucheza kati, tukikwepa mpira hadi miguu ikawa rangi ya mchanga, nyuzi za matunda ya mkoma zikiwa bado zimekwama menoni, tulichungulia dirishani tumwone akipiga chapa. Hakuangalia vidole. Alijifunzia kwenye taipureta, na sisi tuliamini ana macho kwenye kucha.

Ni yeye aliyemshawishi mwalimu mkuu awaruhusu watoto wa darasa la nane kuingia wawili wawili kila Jumamosi, wajifunze kuandika majina yao. Mwenzangu alikuwa Achol, msichana Msudani aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma kuja kulala bwenini kwetu. Mrefu, mpole, hakuogopa nge wala giza. Aliogopa kurudishwa kambini kabla hajamaliza shule.

Jumamosi moja aligeuka kunionyesha jina lake kwenye kioo, kiwiko chake kikagonga kikombe. Chai ya maziwa, yenye sukari ya kusimamisha kijiko, ikamwagikia kibodi yote. Kompyuta ikaanza kulia, herufi moja ikijiandika yenyewe mstari baada ya mstari.

Mama aliizima, akachomoa waya wa kibodi, akaipindua kibodi ili chai idondoke sakafuni. Kisha akamgeukia Achol.

"Imekuchoma?"

Achol akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga.

Mwalimu mkuu akaja mbio. Mitihani ya majaribio ilikuwa bado haijachapwa, na kibodi nyingine ingetoka Nairobi, ifike Kitale, ingojee lori.

"Nani amefanya hii? Kama imekufa, hakuna mtoto ataingia hapa tena. Na huyo mwenyewe anaenda kwao!"

"Kikombe ni changu, mwalimu," Mama akasema. "Ni mimi niliweka hapo. Nipe siku chache niioshe."

"Unaosha umeme, Mama Akai?"

"Umeme nimetoa. Naosha sukari. Ikikauka huko ndani, ndiyo itaua."

Aling'oa vitufe vya herufi kimoja kimoja kwa mpini wa kijiko, akaviloweka kwenye beseni. Maji ya bomba yalikuwa ya chumvi, kwa hiyo aliomba zahanati maji safi ya kuchanganyia dawa, pamoja na spiriti na pamba, akasuuza na kufuta kila kona. Tulitaka kuianika juani, maana jua letu hukausha shuka la kwanza kabla hujakamua la pili. "Hilo jua litaikunja kama kandambili," akasema. Akaiegemeza kivulini, akaitandia chandarua kuzuia vumbi. Kila mapumziko Achol alikwenda kuiangalia kama mtu aliyelaza mgonjwa hospitalini.

Siku ya kurudisha vitufe, mwalimu mkuu alisimama mlangoni, mikono nyuma. Mama akafumba macho, akaviacha vidole vikumbuke.

"Akai, nipe A. Achol, leta S."

Hakukosea hata kimoja. Akachomeka waya, akawasha, kisha akainuka kitini.

"Achol, kaa."

Achol akamtazama mwalimu mkuu. Mzee akakohoa. "Si umeambiwa ukae?"

Akaandika jina lake. Herufi zote zikatokea.

"Ejok!" mwalimu mkuu akapiga makofi, akisifu kwa Kiturkana. "Ejok noi!"

Ni Q tu iliyogoma daima. Kiswahili hakikuihitaji. Karatasi za Kiingereza tulizijazia kwa kalamu mpaka mikono ikafa ganzi. Jumamosi zetu zikaendelea, na Achol akamaliza darasa la nane pamoja nasi.

Siku hizi mwanangu akimwagia kompyuta yake soda, ananiambia hata kabla haijaacha kudondoka, "Mathe, hii imeisha, nunua ingine." Simlaumu sana, vitu vyao vimegandishwa kwa gundi, hata Mama angekosa pa kuingiza kijiko. Ila namhurumia. Hajawahi kumwona mtu mzima akihangaikia kitu kilichoharibika, siku baada ya siku, ili mtoto wa mwenzake abaki shuleni.